Mstari wa Arobaini na Moja

Alifika asubuhi, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
Winnipeg nzima ikifuka mdomoni kama jiko la kuni mbichi.
Mapokezi wakamwambia: bado, mama, miadi yako ni alasiri.
Akasema: mimi niliandika tatu.
Wakamgeuzia kioo: na hapa pameandikwa tatu.
Tatu mbili, na katikati yake
saa sita za theluji.

Kanuni niliziandika mimi.
Zahanati ya Mtaa wa Sargent haina fedha za mashine kubwa
zinazobugia maktaba nzima ndipo zifumbue kinywa.
Ina mimi, Jumanne na Alhamisi,
na faili moja la mistari sitini
linalopokea ujumbe wa simu wa watu wa kwetu
na kuudonoa kama kuku: hapa jina, hapa siku, hapa saa.

Halielewi. Sikuliagiza lielewe.
Nililiambia: ukiona "saa", tazama neno linalofuata;
likiwa kati ya moja na kumi na mbili, ongeza sita,
maana kwetu siku huanza kukicha,
si usiku wa manane, watu wamelala.
Ukiona "na nusu", ongeza nusu. Ukiona "kasoro", rudi nyuma.
Likafanya kazi. Nilijisifu hata kwa mke wangu.

Kisha wakaja wakaazi wa siku nyingi,
waliokwisha kubadili saa zao pamoja na matairi ya baridi.
Wao huandika: saa tatu za Kizungu.
Basi nikatia mstari wa arobaini na moja:
ukikuta Kizungu, iache saa ilivyo.
Na kwa kuwa vidole vilivyokufa ganzi hukosea,
mtu akaandika Kezungu, mwingine Kuzungu,
nikalegeza: K, kisha vokali yoyote, kisha zungu.
Vokali yoyote!
Ukarimu wa mtu aliyeshiba, anayetaka kwenda nyumbani.

Ujumbe wake ulikuwa huu, neno kwa neno:
"Nitakuja Jumatano saa tatu. Tabu Kazungu."

Jina la babake, la Kilifi,
lililopita meza za uhamiaji za nchi mbili
bila kupoteza herufi,
mimi nikaligeuza Kizungu kwa jozi ya mabano.

Na hilo la kwanza nalo! Mstari wa kumi na tisa,
unaowinda maneno ya maumivu, ulimpigia alama nyekundu:
mgonjwa ana tabu. Aina ya tabu: haijulikani.
Nilipomweleza alicheka hadi akakohoa.
"Hapo," akasema, "haikukosea."

Nimerekebisha. Sasa lazima "za" litangulie,
na jina likikaa mwisho, mahali pa sahihi, lipite salama.
Wiki ijayo atatokea mtu atakayeisahau "za",
na faili litanenepa mstari mmoja zaidi.
Hata hivyo nazipenda, sitaficha:
kanuni ikikosea hukushika mkono
ikakupeleka mpaka mlango ilikotokea kosa,
ikasimama hapo, haina la kujitetea.
Mimi mwenyewe sijawahi kumfanyia mtu hivyo.

Jana ndugu yangu alipiga kutoka Voi.
Alitaka kusema jambo la shamba, mtandao ukakatika-katika.
Nikamwambia: tulia, nitakupigia kesho saa mbili.
Kimya. Nikadhani laini imekufa.
"Mbili zipi?" akauliza.

Nilikuwa nimesimama dirishani, trekta la jiji likisukuma theluji,
mkono mfukoni, vidole vikihesabu:
moja, mbili, tatu, nne, tano, sita,
na sikujua niiongeze sita hiyo
upande wake, au wangu.